Msingi wa Nyumba kwenye Udongo Mweusi

Ukienda kutazama ploti Kitengela, Athi River, Joska au Ruai, nenda mara mbili: mara moja Februari, jua likiwa limekausha ardhi, na mara ya pili Aprili, masika yakiwa yamekolea. Wauzaji hupenda kukupeleka kiangazi, maana gari hufika hadi kwenye bikoni bila shida. Lakini angalia chini. Februari utaona ardhi imepasuka nyufa ambazo kiganja kizima kinaingia, na ukitumbukiza fimbo inazama kuliko ulivyotarajia. Aprili nyufa zote zimeziba. Badala yake kuna tope jeusi linalong'ang'ania viatu hadi mguu unakuwa mzito kuuinua, na magari yamenasa njiani. Ardhi ni ile ile. Tofauti kati ya miezi hiyo miwili ndiyo itakayopasua kuta zako usipoishughulikia kabla ya kulaza tofali la kwanza.

Naisisitiza tofauti hiyo kwa sababu watu wengi, wakiwemo mafundi wazoefu, wameuelewa vibaya udongo mweusi. Husema ni udongo mlaini, kwa hiyo dawa yake ni kuongeza saruji, kuongeza nondo na kupanua msingi. Lakini kiangazi udongo huu ni mgumu kiasi cha kurudisha sururu. Ungebaki mkavu miaka yote, ungeibeba nyumba yako vizuri. Ungebaki na unyevu ule ule miaka yote, ungeibeba vilevile. Taabu ni kwamba haubaki. Hufura mvua inaponyesha, hunywea jua linapowaka, na hufanya hivyo mwaka baada ya mwaka, upande mmoja wa nyumba zaidi ya mwingine. Maswali ya kumuuliza fundi kwanza ni haya: msingi wangu utakaa juu ya kitu gani kisichosogea? Na kama hauwezi kukifikia kitu hicho, tutafanyaje ili unyevu ulio chini yake usibadilike? Saruji na nondo zifuate baada ya majibu.

Chanzo cha yote ni madini yaliyomo kwenye udongo huo, ya jamii ya smektaiti, hasa montimoriloniti. Chembe zake ni vipande vyembamba mno vilivyopangana kama kurasa za kitabu, na kinachoushikilia ukurasa kwa mwenzake ni nguvu dhaifu. Maji hujipenyeza katikati na kuzisukuma kurasa ziachane; yakitoka, zinarudi. Udongo mwekundu wa Kikuyu na Limuru nao ni mfinyanzi, tena mzito, ila madini yake yamebanana na maji hayapati pa kuingia namna hiyo. Udongo huo mwekundu na ule mweusi wa Nairobi vyote vimetokana na miamba ya volkano. Kilichovitenganisha ni mwendo wa maji. Magharibi mwa jiji ardhi ina miteremko na mvua ni nyingi, hivyo maji huyaosha madini yaliyoyeyuka yakaenda zake. Kusini na mashariki, kwenye uwanda unaoanzia Embakasi kwenda Athi, maji hutuama, madini hayo hubaki, na montimoriloniti hujengeka. Kwa hiyo watu wawili wenye ramani moja na fundi mmoja wanaweza kujenga kila mmoja upande wake wa jiji, huyu akaishi miaka bila kuona ufa, yule akaanza kuziba nyufa kabla hajamaliza kulipa mkopo.

Nairobi haiko peke yake. Uwanda wa Kano karibu na Kisumu una udongo wa aina hii, na Mwea vilevile. Tanzania uko kwenye mabonde ya mbuga ya Usukuma, ambako watu hulima mpunga katika majaluba, kwenye uwanda wa Usangu, na katika sehemu za Dodoma, mji ambao ujenzi umeshika kasi tangu serikali ilipotangaza kuhamia huko mwaka 2016. Uganda uko Karamoja. Mkulima wa mpunga huupenda kwa sababu ile ile inayomtesa mjenzi, yaani kushika maji. Na usitegemee rangi peke yake. Udongo wa kijivu au wa kahawia unaweza kufura pia, na wakati mwingine hufichwa na tabaka la mchanga juu yake. Kibaha, mkoani Pwani, ambako wengi hawaufikirii kabisa udongo mweusi, tatizo la nyumba kupasuka kwa udongo unaofura lilikuwa kubwa kiasi cha kuandikiwa tasnifu ya uzamivu iliyotolewa Stockholm mwaka 2008.

Huenda umeona jengo la ghorofa limesimama wima huku nyumba ya vyumba vitatu jirani yake imepasuka. Sababu ni uzito. Udongo unapofura husukuma juu, na nyumba ya chini haina uzito wa kuuzuia. Ghorofa huukandamiza, na mara nyingi limesimamishwa juu ya mwamba kwa kuwa mhandisi alilazimika kulichorea msingi. Anayeumia ni mwenye nyumba ya kawaida, ambaye msingi wake ulichimbwa kwa kuiga wa jirani. Nchini Marekani, ambako udongo huu umeenea Texas na Colorado, wahandisi Jones na Holtz walikadiria mwaka 1973 kuwa hasara yake ilifika dola bilioni 2.3 kwa mwaka, zaidi ya hasara ya mafuriko, vimbunga na matetemeko ya ardhi ikijumlishwa. Hasara ya namna hii haitangazwi kwenye taarifa ya habari, kwa sababu hutokea polepole, nyumba moja moja.

Turudi kwenye ploti. Kabla ya kulipa amana, zunguka mtaa mzima ukitazama kuta za uzio. Ukuta wa uzio ni mwepesi na msingi wake huwa mfupi, kwa hiyo ndio unaokuwa wa kwanza kusema ukweli: ukiona umeinama, umepinda kama unafuata mawimbi, au una ufa wa mshazari kila baada ya mita chache, umekwisha kujibiwa. Tazama pia mimea. Penye migunga mifupi yenye vinundu vyeusi vinavyokaliwa na sisimizi, ile inayotoa sauti ya mluzi upepo ukivuma, chini yake kwa kawaida ni udongo mweusi unaofura. Kisha bisha hodi kwa waliojenga. Usiwaulize kama udongo ni mzuri, maana hakuna anayependa kuisema vibaya ardhi aliyoinunua. Waulize kama kuna mlango unaokwama msimu mmoja na kufunguka vizuri msimu mwingine, na waulize msingi wao ulishuka futi ngapi kabla ya kupata kitu kigumu.

Halafu chimba. Lisiwe shimo moja. Mashimo yawe matatu au manne, kwenye pembe za mahali nyumba itakapokaa, hadi ufike kwenye moramu au mwamba, au hadi mita tatu kama hujavifikia. Mashimo haya ni kazi ya vibarua wa siku moja au mbili, na hakuna fedha katika ujenzi wote itakayokurudishia faida kubwa kuliko hiyo. Andika kina cha kila shimo. Katika ploti moja ya robo eka unaweza kukuta mwamba kwenye futi tatu upande wa barabara na kwenye futi tisa upande wa nyuma, na tofauti hiyo ni ya hatari kuliko udongo wenyewe. Nyumba ambayo nusu yake imekaa juu ya mwamba na nusu juu ya mfinyanzi itakatika mahali pale pale vinapokutana, hata zege lake liwe zuri namna gani. Heri kuisogeza nyumba yote, au kuushusha msingi wote kwenye tabaka moja.

Kuna kipimo unachoweza kukifanya nyumbani, chenye asili yake kwenye maabara za India. Chukua udongo wa kina ambacho msingi utakaa, uanike ukauke kabisa, uutwange na kuuchekecha kwa chekecheo laini. Tafuta glasi mbili zilizonyooka pande zote, za ukubwa mmoja. Tia kiasi kile kile cha udongo katika kila moja, vijiko viwili vya mezani vinatosha. Moja ijaze maji safi, ya pili mafuta ya taa. Koroga, kisha ziache zitulie saa 24. Mafuta ya taa hayaufurishi udongo, kwa hiyo glasi hiyo inakuonyesha ujazo wake wa kawaida. Udongo wa kwenye maji ukiwa umepanda mara moja na nusu ya ule mwingine, jihadhari. Ukiwa umepanda maradufu au zaidi, usijenge kwa msingi wa kawaida hata fundi akuapie nini.

Glasi hizo zinakusaidia kuamua kama uendelee na ununuzi. Haziwezi kukuchorea msingi. Kwa hilo peleka sampuli maabara. Vyuo vikuu vyenye shule za uhandisi na idara za barabara huwa na maabara za udongo. Omba vipimo vya ukomo wa udongo kugeuka tope na ukomo wa kumeguka, maana tofauti ya namba hizo mbili ndiyo wahandisi huisoma kwanza. Ikizidi 35, udongo huhesabiwa kuwa na uwezo mkubwa sana wa kufura. Omba pia kipimo cha kunywea. Kisha mpe mhandisi aliyesajiliwa karatasi hizo pamoja na vina vya mashimo yako. Najua wengi huona ada ya mhandisi ni anasa kwa nyumba ya vyumba vitatu. Lakini ploti ya udongo mweusi huuzwa nafuu kuliko ya udongo mwekundu si bila sababu, na sehemu ya unafuu huo tayari ni mali ya msingi. Ukiutumia kununua vigae na madirisha, umetumia fedha isiyo yako.

Udongo mweusi ukiishia futi nne au tano, una bahati. Uondoe. Na ninaposema uondoe, nina maana ya eneo lote litakalofunikwa na sakafu, pamoja na mita moja hivi kuzunguka nje yake. Hapa ndipo nyumba nyingi huharibikia. Fundi huchimba mitaro ya kuta hadi kwenye mwamba na kujenga ukuta wa msingi mzuri kabisa. Kisha ule udongo mweusi uliotoka mitaroni hurudishwa katikati kujaza vyumba, mawe hupangwa juu yake, na slabu, ambayo Tanzania huitwa jamvi, humwagwa. Kuta hazisogei, sakafu inasogea. Misimu michache baadaye sakafu ya sebule imetuna katikati, vigae vinabanduka, na kuta za ndani zilizojengwa juu ya slabu zimeachana na kuta za nje. Kwa kuwa kuta za nje ni nzima, mwenye nyumba huambiwa vigae vilibandikwa vibaya, naye huvibandua na kubandika vingine juu ya tatizo lile lile. Udongo uliochimbwa uondolewe kwenye ploti mapema. Ukilala pale, utarudi shimoni, kwa sababu kifusi cha kununua kina bei na huo ni wa bure.

Ukishauondoa, swali ni ujaze nini. Desturi ya Nairobi ni mawe makubwa ya kujazia, na yana kazi yake, lakini tafakari ulichokifanya: umechimba shimo kubwa ndani ya mfinyanzi usiopitisha maji, ukalijaza mawe yenye nafasi kubwa kati yake. Maji ya mvua yakipata upenyo wa kuingia hayatatoka. Yatatuama humo na kuulowesha mfinyanzi wa pembeni na wa chini kwa miezi. Ndiyo sababu napendelea moramu nzuri, iliyomwagwa katika matabaka ya sentimita 15 hivi, kila tabaka likitiwa maji ya kiasi na kushindiliwa kwa mashine kabla ya lingine. Kushindilia kwa gogo hakutoshi kwa kina cha zaidi ya tabaka moja au mawili. Ikiwa bajeti yako inakulazimu kutumia mawe, yafunike kwa moramu iliyoshindiliwa, na upande wa chini wa mteremko acha mfereji wa kuyatoa maji shimoni kwenda mbali na nyumba.

Udongo ukiwa na kina cha mita mbili au tatu, kuuondoa wote kunagharimu malori mengi kuliko wengi wetu tunavyoweza kulipia. Hapo njia ninayoiamini zaidi ni nguzo fupi za zege lenye nondo zinazoshuka hadi kwenye mwamba au moramu, zikiunganishwa juu kwa boriti za zege, na sakafu ikibebwa na boriti hizo bila kuegemea udongo. India, ambako udongo huu umefunika sehemu kubwa ya uwanda wa Deccan, taasisi ya utafiti wa majengo iliyoko Roorkee iliendeleza nguzo za aina hii zinazochimbwa kwa keekee ya mkono na kupanuliwa kitako, ili udongo wa juu ukijaribu kuivuta nguzo, kitako kiishikilie.

Lakini kuna jambo moja dogo linaloweza kuibatilisha kazi yote ya nguzo. Chini ya boriti na chini ya sakafu lazima pabaki nafasi tupu, sentimita 15 hivi au zaidi kadiri mhandisi atakavyopima, ili udongo ukifura upande bila kugusa kitu. Fundi asiyeelezwa sababu humwaga boriti moja kwa moja juu ya ardhi, maana ardhi inamwokolea mbao. Masika ya kwanza udongo huisukuma boriti kutoka chini, na ulichojenga kwa gharama kubwa kinanyanyuliwa kama msingi wa kawaida tu. Ukipita kukagua siku ya kumwaga boriti, piga magoti utazame chini yake. Usipoona nafasi, simamisha kazi.

Kina kikizidi hapo, au kama hakuna kitu kigumu kilichopatikana, yapo majamvi mazito, yaani rafti, yaliyotiwa boriti kwa chini ambayo huifanya nyumba yote isogee kwa pamoja kama kitu kimoja. Hesabu zake si za kukisia. Kumwaga zege nene lenye nondo nyingi na kuliita rafti hakulifanyi kuwa rafti. Vivyo hivyo kwa chokaa. Ni kweli chokaa hubadilisha tabia ya mfinyanzi huu na kuupunguzia kufura, na wajenzi wa barabara huitumia kwa kiasi cha asilimia 4 hadi 8 ya uzito wa udongo mkavu. Lakini huchanganywa kwa mashine hadi kila donge livunjike, hutiwa maji, hushindiliwa. Fundi anayenyunyizia mifuko miwili ya chokaa chini ya mtaro hajafanya chochote isipokuwa kuupaka mtaro rangi.

Kwa umbo, nyumba ya mstatili mtupu huvumilia kusogea kuliko yenye mabawa na vikonyo. Ukitaka baraza au gereji, ijenge kwa msingi wake na uiache itengane na nyumba kwa nafasi ya sentimita mbili hivi iliyojazwa kitu laini, kuliko kuikaza kwa nondo na kuiruhusu ivute ukuta mkuu. Mkanda wa zege uzunguke nyumba yote bila kukatika, usawa wa sakafu na tena juu ya milango na madirisha.

Msimu wa kuchimba nao una maneno yake. Kiangazi mtaro haujai maji na malori yanafika, lakini mtaro ukiachwa wazi juani wiki tatu ukisubiri fedha ya nondo, udongo wa chini hukauka kupita kiasi, ukazibwa kwa zege ukiwa umenywea hadi mwisho. Ukija kupata unyevu, utafura kwa nguvu yake yote, nawe uko juu. Masika mtaro hujaa maji na kitako chake hulainika. Kanuni ni ile ile kwa misimu yote miwili: usichimbe kabla vifaa havijafika, na siku mtaro unapofika kina chake, ukague na kuufunika kwa zege jembamba kabla ya jua au mvua kuubadilisha. Wanaojenga kidogo kidogo kadiri mshahara unavyoingia, na ndio wengi wetu, waahirishe kuchimba mpaka wawe na fedha ya kuufikisha msingi kwenye usawa wa sakafu. Kuta zinaweza kusubiri mwaka. Mtaro hauwezi.

Hata msingi mzuri unahitaji maji yadhibitiwe maisha yote ya nyumba, na hapa mwenye nyumba ana uwezo kuliko fundi. Nyumba inapojengwa, inaifunika ardhi isipate jua, kwa hiyo unyevu hujikusanya chini katikati na kubaki pale, huku ukingoni udongo ukiendelea kufura na kunywea na majira. Ukingo huo ndio wa kulinda. Weka mifereji ya paa na mabomba yanayofikisha maji kwenye tangi au mbali na ukuta. Nyumba isiyo na mifereji humwaga maji ya paa zima kwenye mstari mmoja, sentimita 60 kutoka msingi, mahali pabaya kuliko pote. Mwaga sakafu ya zege kuzunguka nyumba, upana wa mita moja na nusu kwa uchache, ikiwa na mteremko wa kwenda nje, na uhakikishe inakutana na ukuta bila mwanya wa kuingiza maji. Usilime mboga wala kupanda nyasi za kumwagiliwa chini ya dirisha la jikoni.

Bomba linalovuja chini ya bafu ni baya kuliko mvua, kwa sababu mvua huilowesha nyumba pande zote lakini bomba huilowesha pembe moja mwaka mzima. Bili ya maji ikipanda bila sababu, funga mabomba yote usiku na uisome mita asubuhi. Maji ya choo ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Shimo la kunyonya maji halifanyi kazi ndani ya mfinyanzi huu, maana hauyanyonyi; maji hulijaza shimo na kurudi pembeni, mara nyingi kuelekea kwenye nyumba kwa kuwa ploti ni ndogo. Liweke upande wa chini wa mteremko, mbali kadiri mpaka wa ploti na sheria za eneo lako zinavyoruhusu, na kama mashimo yako ya uchunguzi yalionyesha mfinyanzi mtupu hadi chini, zungumza na mhandisi kuhusu njia nyingine ya majitaka kabla ramani haijapitishwa.

Miti inahitaji uamuzi wa mapema. Mkaratusi mmoja karibu na ukuta huvuta maji mengi kutoka ardhini na kuufanya udongo wa pembe ya nyumba unywee kuliko kiangazi chenyewe. Panda mti wowote mkubwa kwa umbali usiopungua urefu utakaoufikia ukikomaa. Kama mti ulikuwapo kabla ya nyumba, usikimbilie kuukata wiki moja kabla ya kujenga: udongo uliokaushwa na mizizi yake utarudisha maji polepole na kufura kwa miaka, chini ya sakafu mpya. Ukate mapema, misimu kadhaa kabla, au sogeza nyumba.

Kwa aliye ndani ya nyumba iliyopasuka tayari, ushauri wangu wa kwanza ni kuvumilia kabla ya kuita fundi wa kuziba. Soma nyufa kwanza. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha au mlango na kuwa mpana zaidi juu kuliko chini unaonyesha kwa kawaida kwamba kingo za nyumba zimeshuka au katikati imepanda; ukiwa mpana chini, kinyume chake. Chora alama mbili za penseli kuuvuka ufa, pima umbali kati yake, andika tarehe ukutani. Rudia kila mwezi kwa mwaka mzima, ili upite masika, kiangazi na vuli. Vipimo vinavyotumiwa Uingereza huuhesabu ufa usiozidi milimita 5 kuwa wa kuzibika kwa urahisi, wa milimita 15 hadi 25 kuwa mkubwa unaohitaji kubomoa na kujenga upya sehemu za ukuta, na unaozidi hapo kuwa wa hatari kwa jengo. Lakini mwendo ni muhimu kuliko upana. Ufa wa milimita 8 uliotulia miaka mitatu haunitishi. Ufa wa milimita 3 unaoongezeka kila masika bila kurudi unahitaji mhandisi mwezi huu.

Wakati unapima, shughulikia maji: mifereji, sakafu ya nje, mabomba, shimo la choo. Nyumba nyingi hutulia kwa hayo peke yake. Mtu akikushauri kuchimba chini ya pembe moja iliyoshuka na kuijazia zege, muulize atafanya nini na pembe tatu zilizobaki juu ya udongo ule ule, kwa sababu ukiishikilia moja na kuziacha nyingine zikisogea, ufa mpya utatokea hatua chache kutoka ule wa zamani. Na ukiisha kuthibitisha, kwa alama zako za penseli, kwamba ufa haujaongezeka kwa mwaka mzima, ndipo uukwangue na kuuziba, mwishoni mwa masika udongo ukiwa bado na unyevu wake, wala si Februari ufa unapokuwa umefunguka kupita kiasi.